Basquiat: mutoto wa baba Muhaiti aliyetoka kwenye kuta za New York

Tarehe 18 mwezi wa tano 2017, kwenye munada wa Sotheby's mu muji wa New York, tablo moja iliuzwa dola milioni 110 na nusu. Inaonyesha kichwa cha mutu chenye meno wazi, kimechorwa juu ya rangi ya bluu. Aliyeinunua ni tajiri wa Japani, Yusaku Maezawa. Mbele ya siku ile, hakuna kazi ya musanii wa Marekani iliyokuwa imefikisha bei kama hiyo kwenye munada. Tablo yenyewe ilichorwa mwaka wa 1982. Katika 1984 iliuzwa dola 19.000 tu.

Aliyeichora ni Jean-Michel Basquiat. Wakati ule alikuwa kijana wa miaka 21. Miaka michache nyuma alikuwa analala kwenye viti vya bustani ya watu wote, na jina lake la kazi lilikuwa limeandikwa kwa rangi ya kupuliza ku kuta za watu ambao hawakumupa ruhusa. Alikufa katika 1988, akiwa na miaka 27. Franga za ule munada zilienda kwa wale waliokuwa wanauza. Hazikupita kwa familia yake. Maisha yake yanagusa swali ambalo kijana yeyote mwenye kuchora barabarani anakutana nalo siku tajiri wa kwanza anaposimama mbele ya kazi yake: ukiisha kutoka ku ukuta na kuingia ndani ya galeri, nani anabaki mwenye kazi?

Nyumba yenye luga tatu

Jean-Michel alizaliwa tarehe 22 mwezi wa kumi na mbili 1960 mu Brooklyn, moja ya zile sehemu tano kubwa za New York. Baba yake, Gérard Basquiat, alitoka Port-au-Prince, muji mukubwa wa Haiti, na alifanya kazi ya kontable. Mama yake, Matilde Andrades, alizaliwa Brooklyn na wazazi waliotoka kisiwa cha Puerto Rico. Mutoto mwanaume mwingine alikuwa amekufa mbele yeye azaliwe, kwa hiyo Jean-Michel njo alikuwa mukubwa wa nyumba. Kisha yeye walikuja dada zake wawili, Lisane na Jeanine. Baba alikuwa na Kifaransa, mama alikuwa na Kihispania, na barabara ilikuwa na Kingereza. Mutoto alisikia zote tatu.

Haiti si jina geni kwa Wakongomani. Kisha uhuru wa 1960, wakati Wabelgiji wengi walikuwa wamerudi kwao, walimu, madaktari na mafundi wa Haiti walikuja kwa wingi kufanya kazi katika inchi hii. Na zamani zaidi, wakati wa biashara ya watumwa, watu wengi sana walikamatwa katika inchi za ufalme wa Kongo, kule magaribi karibu na mwisho wa muto, wakapelekwa kwenye kisiwa kile kulima miwa. Wao pamoja na watumwa wengine njo walisimama na kuwashinda askari wa Ufaransa, mupaka Haiti ikapata uhuru mwaka wa 1804. Historia hiyo itaonekana baadaye kwenye tablo za Basquiat.

Kwao hawakuwa maskini. Baba alikuwa na mushahara na nyumba nzuri, na mutoto alisoma katika shule ya kulipia. Watu wengi walipenda kusema kwamba Basquiat alikuwa mutoto wa mitaa ya masikini aliyeokotwa na matajiri, lakini si vile. Mama yake njo alimufungulia mulango wa sanaa. Alikuwa anachora naye nyumbani, na alikuwa anamupeleka mu myuzeamu za New York kutazama kazi za wachoraji wakubwa. Akiwa na miaka 6 tu, Jean-Michel alikuwa na kadi ya mwanachama mudogo wa Brooklyn Museum.

Gari, hospitali na kitabu

Katika 1968, Jean-Michel alikuwa anacheza mupira barabarani wakati gari lilimugonga. Mukono ulivunjika, na ndani ya tumbo aliumia vibaya mupaka madaktari wakatoa bandama. Alikaa hospitali kwa muda wa mwezi hivi. Ili asichoke na kulala kitandani, mama alimuletea kitabu ambacho wanafunzi wa udaktari wanasomea, Gray's Anatomy, chenye picha za mifupa, mishipa, mapafu na moyo, na kila kiungo kikiwa na jina lake pembeni.

Mwanamuke mwingine angeleta kitabu cha hadisi za watoto. Lakini ile zawadi ilibaki naye maisha yote. Mutu anayetazama tablo za Basquiat anaona watu ambao ngozi yao ni kama imefunguliwa: mbavu zinaonekana, meno yanaonekana, na pembeni kuna majina ya viungo yameandikwa kwa herufi kubwa kama vile ku karatasi ya daktari. Hata kikundi cha muziki ambacho alianzisha baadaye na rafiki zake kilipewa jina la Gray.

Mwaka ule ule wa ajali, wazazi wake waliachana. Watoto walibaki na baba. Mama alianza kusumbuliwa na ugonjwa wa akili, na kwa miaka iliyofuata aliingia na kutoka hospitali. Kati ya 1974 na 1976 baba alihamishia familia Puerto Rico juu ya kazi, kisha wakarudi Brooklyn. Baba alikuwa mutu wa kanuni, mwenye kutaka mutoto asome na apate kazi ya biro. Mutoto hakupenda kanuni. Akiwa na miaka 15 alitoroka nyumbani, akalala katika bustani ya Washington Square mupaka alipopatikana na kurudishwa kwa baba.

SAMO, jina ku ukuta

Alihamishiwa City-As-School, shule moja ya Manhattan ambayo ilikuwa inapokea vijana walioshindwa kufuata shule za kawaida. Kule alikutana na Al Diaz, kijana ambaye tayari alikuwa anajulikana kati ya waandishi wa kuta. Wote wawili walitunga jina moja: SAMO. Lilikuwa ufupisho wa maneno ya Kingereza cha barabarani, yenye maana kwamba uchafu ni ule ule wa siku zote. Kuanzia karibu 1977, walianza kuandika ku kuta za Manhattan ya kusini.

Wakati huo New York ilikuwa imejaa maandishi. Vijana walipuliza majina yao ku behewa za metro, kwa herufi nene za rangi nyingi. SAMO ilifanya tofauti. Haikuchora mapambo. Iliandika sentensi fupi kwa herufi za kawaida, zenye kuchekelea matajiri, dini, siasa na hasa watu wa sanaa. Pia wale vijana wawili walichagua nafasi: waliandika karibu na galeri za SoHo, ambako wauzaji wa tablo na waandishi wa magazeti walikuwa wanapita kila siku. Watu wakaanza kuulizana nani ni SAMO. Mwezi wa kumi na mbili 1978, gazeti la Village Voice lilitoa habari iliyoeleza kwamba nyuma ya lile jina kulikuwa vijana wawili.

Kisha hapo urafiki ukapoa. Al Diaz alitaka jina libaki la siri. Jean-Michel alitaka ajulikane. Katika 1979, maandishi mapya yalionekana ku kuta za mitaa ile yakitangaza kwamba SAMO amekufa. Ile ilikuwa namna ya Jean-Michel ya kufunga mulango. Kwa kazi yote ya ule wakati, karibu hakuna kilichobaki ku kuta. Wenye nyumba walipaka rangi juu, majengo yalibomolewa. Tunajua maneno ya SAMO juu ya picha ambazo wapiga picha wachache walichukua mbele hayajafutwa.

Kadi ya dola moja

Jean-Michel aliacha shule mbele ya kumaliza, na baba akamutoa nyumbani. Wakaaji wa Goma na Bukavu wanajua maisha ya maibobo; yeye hakuwa mutoto mudogo tena, lakini kwa muda fulani aliishi karibu vile: leo kwa rafiki huyu, kesho kwa yule, siku ingine chini, bila kujua atakula wapi. Ili apate franga kidogo, alichora kadi za posta na mashati akauza barabarani. Siku moja aliona Andy Warhol ndani ya restora moja ya SoHo. Warhol alikuwa musanii mwenye jina kubwa kushinda wote New York. Kijana aliingia, akamuuzia kadi, akatoka. 

Wakati hakuwa na kitambaa cha kuchoria, alichora ku kile alichokuta: mulango uliotupwa, dirisha, frigo ya rafiki, kuta za nyumba alimolala. Wengine walikasirika, wengine walitunza. Usiku alikuwa katika makilabu ambamo wanamuziki, watu wa sinema na wachoraji walikuwa wanachanganyika. Kati ya mwisho wa 1980 na mwanzo wa 1981 alicheza katika filme moja juu ya maisha ya wasanii wa mitaa ile, na mwanamuziki Debbie Harry alinunua tablo yake ya kwanza kuuzwa kwa dola 200.

Mwezi wa sita 1980, wasanii walipanga maonyesho katika jengo tupu karibu na Times Square. Kazi ya Basquiat ilikuwa ndani. Mwezi wa pili 1981, Diego Cortez aliandaa maonyesho mengine makubwa katika P.S.1, shule ya zamani iliyogeuzwa nyumba ya sanaa. Wauzaji wa tablo walipita pale, na waliposimama mbele ya kazi za Basquiat walianza kuuliza bei. Mutaliano mumoja, Emilio Mazzoli, alimuita Modena, na pale njo Basquiat alifanya maonyesho yake ya kwanza peke yake, bado akitumia jina la SAMO. Mwisho wa mwaka ule, muandishi Rene Ricard alimutaja katika gazeti la sanaa Artforum kama mutu wa kufuatilia.

Chumba cha chini ya galeri

Kazi ilikua mbio kuliko yeye mwenyewe. Annina Nosei, mwenye galeri mu SoHo, alimupa chumba kilicho chini ya galeri yake, akamununulia vitambaa na rangi. Kwa kijana ambaye hakuwa na mahali pa kuchorea, ule ulikuwa musaada mukubwa. Mwezi wa tatu 1982 alifanya maonyesho yake ya kwanza peke yake katika Marekani, na tablo zikanunuliwa. Franga zikaingia. Alivaa suti za Armani na kuchora nazo, rangi ikidondoka juu yake.

Lakini ile nafasi ilikuwa na matatizo yake. Wanunuzi walikuwa wanashuka kumutazama akichora, na tablo zingine ziliondoka mbele hajasema zimeisha. Watu walianza kuongea kwamba muzungu amemufungia Mweusi chini ya nyumba ili amuchoree. Basquiat alichukia maneno hayo, juu alijua kwamba Mweupe kufanya kazi mahali pale pale kungeitwa tu atelye. Mwaka ule ule wa 1982 alirudi Modena, na walimutarajia achore tablo kubwa kwa siku chache, kwa ajili ya maonyesho yaliyokuwa yamepangwa. Alichora 8, kisha kukatokea kutoelewana na maonyesho hayakufanyika. Baadaye alieleza kwamba kule alijisikia kama mutu wa kazi ya kiwanda.

Hata hivyo 1982 ulikuwa mwaka wake mukubwa. Akiwa na miaka 21 alialikwa Documenta, maonyesho makubwa ya Kassel mu Ujerumani, kati ya wasanii wote yeye njo mudogo. Bruno Bischofberger wa Zurich akawa muuzaji wake katika Ulaya. Mwaka uliofuata alichaguliwa kwa maonyesho ya Whitney mu New York. Ile tablo ya dola milioni 110 inatoka katika miezi hiyo.

Majina, taji na mistari

Mutu anayeona tablo ya Basquiat kwa mara ya kwanza anaweza kusema mutoto anaweza kufanya vile. Mistari inapinda, vichwa ni vikubwa, maneno yako kila mahali. Lakini hakuna kitu kilichowekwa ovyo. Akichora mutu Mweusi ambaye anamuheshimu, mara nyingi anamupa taji la ncha tatu. Wachezaji ngumi kama Sugar Ray Robinson, wapiga muziki wa jazi kama Charlie Parker, wote waliandikwa pale kama wafalme. Akitaka mutu asome neno fulani, analipiga mustari juu. Jicho linarudi kwa neno lililokatwa kushinda lile lililoachwa wazi.

Maneno mengi yanahusu biashara: chumvi, sukari, pamba, zahabu, petroli. Ni vitu ambavyo Weusi walitoa jasho juu yake na wengine wakatajirika. Katika 1982 alichora soko la kuuza watumwa. Katika 1983 alichora Toussaint Louverture, mukubwa wa vita vya uhuru wa Haiti. Mwaka ule ule alichora tablo juu ya Weusi na muto Nile, na ingine juu ya waigizaji Weusi ambao Hollywood iliwapa tu nafasi za kutumika nyumbani na kuchekesha.

Kongo pia inaingia katika kazi yake, kwa njia ya kitabu. Robert Farris Thompson, profesa wa chuo kikuu cha Yale, alitoa katika 1983 kitabu kinachoitwa Flash of the Spirit. Kilionyesha namna sanaa na imani za Wayoruba, Wakongo na watu wengine wa Afrika zilivuka bahari pamoja na watumwa na kuendelea kuishi Haiti, Kuba, Brazili na Marekani. Basquiat alikisoma, akachukua alama ndani yake, akatafuta kukutana na mwenye kukiandika. Thompson alifika kwake na akaandika kwa ajili ya maonyesho yake ya 1985 katika galeri ya Mary Boone. Katika tablo kubwa ya 1984 inayoitwa Grillo, yenye mbao na misumari, watu wanaojua sanaa ya Bakongo wanakumbuka zile sanamu za nkisi ambazo watu walikuwa wanapigilia misumari ili kufunga kiapo.

Kifo cha Michael Stewart

Jina na franga havikumukinga na kila kitu. Mwezi wa tisa 1983, kijana Mweusi Michael Stewart, ambaye pia alikuwa anachora, alikamatwa usiku na polisi wa metro ya New York. Walimushitaki kuandika ku ukuta wa kituo. Alifikishwa hospitali bila fahamu, na kisha siku 13 akafa. Polisi walioshitakiwa waliachiliwa na mahakama.

Habari hiyo ilimupiga Basquiat sana. Alijua kwamba ingeweza kuwa yeye: rangi ya ngozi ile ile, miaka karibu sawa, kosa lile lile ambalo lilimupa jina. Alichora kile kifo ku ukuta wa atelye ya rafiki yake Keith Haring, musanii mwingine aliyeanza kwa kuchora ndani ya metro. Polisi wawili wenye fimbo wamesimama, na katikati kuna kivuli cheusi bila sura. Haikuwa kazi ya kuuza. Haring aliukata ule upande wa ukuta na kuutunza mupaka kufa kwake.

Katika siku za kila siku pia, musanii ambaye tablo zake ziliuzwa maelfu ya dola alisimama barabarani na suti yake, na teksi za New York zilipita bila kusimama, juu ni Mweusi. Tarehe 10 mwezi wa pili 1985, gazeti la New York Times lilimuweka ku ukurasa wa kwanza wa toleo lake la kila siku ya Mungu, ameketi bila viatu mbele ya tablo. Ndani lilieleza kwamba kazi zake ziliuzwa kati ya dola 10.000 na 25.000. Watu wengi waliomusoma walikutana na franga mbele ya kukutana na sanaa.

Urafiki na Warhol

Tarehe 4 mwezi wa kumi 1982, Bischofberger alimupeleka Basquiat kwa Andy Warhol. Walikula pamoja, Warhol akapiga picha. Basquiat alirudi nyumbani, na kisha masaa mawili hivi tablo ilifika kwa Warhol, rangi bado mbichi: sura zao wawili, mumoja pembeni ya mwingine. Toka siku ile wakawa marafiki. Mwezi wa nane 1983 Basquiat alianza kupanga nyumba ya Warhol, 57 Great Jones Street, akaishi na kuchora mule.

Kila mutu alikuwa na kitu ambacho mwingine alitafuta. Warhol alikuwa na miaka zaidi ya 50 na watu walisema amechoka. Kijana alimurudisha kwenye burashi. Basquiat alipata mukubwa wa kumusikiliza, kumuambia atunze franga zake na kuachana na dawa za kulevya. Kwa pamoja walichora tablo zaidi ya 100, Warhol akiweka alama za makampuni na vyeo vya magazeti, Basquiat akichora juu yake na kufuta.

Mwezi wa tisa 1985 kazi hizo zilionyeshwa katika galeri ya Tony Shafrazi. Magazeti yalizipokea vibaya. New York Times iliandika kwa namna iliyomuonyesha Basquiat kama kitu cha kupamba cha Warhol. Kwa mutu aliyepigana toka kijana ili asiitwe mali ya mutu, ilikuwa pigo. Alijitenga na Warhol. Hawakugombana kwa sauti, lakini simu zilipungua. Tarehe 22 mwezi wa pili 1987, Warhol alikufa kisha operesheni ya nyongo. Mbele ya hapo hawakuwa wamerudia urafiki wa zamani. Wale waliokuwa karibu na Basquiat waliona kwamba toka pale hakusimama vizuri tena.

Abidjan

Katika 1986, Basquiat alikanyaga Afrika. Bischofberger alipanga maonyesho yake katika kituo cha utamaduni cha Ufaransa mu Abidjan, na musanii mwenyewe alisafiri. Alipita Côte d'Ivoire mupaka Korhogo, kaskazini, kwa Wasenufo, wanaojulikana kwa kuchonga na kuchora ku vitambaa. Mwaka ule ule, galeri ya Kestner-Gesellschaft ya Hannover mu Ujerumani ilionyesha kazi zake nyingi. Alikuwa na miaka 25, na hakuna musanii mudogo kumushinda aliyekuwa amepewa nafasi ile kule.

Mwezi wa kwanza 1988, kwenye maonyesho yake Paris, alikutana na Ouattara Watts, muchoraji aliyezaliwa Abidjan. Walielewana mara moja. Basquiat aliona tablo zake, akamusaidia afike New York, na wakapanga kwenda pamoja Côte d'Ivoire, kwenye inchi ya kina Ouattara, mwezi wa nane. Ilikuwa pia namna ya kutafuta kupona, juu heroini ilikuwa imemushika. Mbele kidogo alikuwa amekaa Hawaii akijaribu kuiacha, na alirudi New York akiambia rafiki zake kwamba ameiacha.

Tarehe 12 mwezi wa nane 1988, alikutwa amekufa katika nyumba ya Great Jones Street. Heroini ilikuwa imezidi mwilini. Alizikwa katika makaburi ya Green-Wood, mu Brooklyn alikozaliwa. Keith Haring alichora kwa ajili yake rundo la mataji. Haring mwenyewe alikufa na SIDA chini ya miaka miwili baadaye.

Franga zinaenda kwa nani

Basquiat hakuacha testamenti. Baba yake, yule kontable ambaye alikuwa amemutoa nyumbani, njo alichukua kazi ya kutunza mali aliyoacha: tablo, michoro na haki ya kutumia picha zake. Alifanya ile kazi kwa miaka 25, mupaka kufa kwake katika 2013. Kisha dada zake wawili wakaendelea. Katika 2022 walifungua New York maonyesho ya kazi zilizobaki kwa familia, wakajenga upya ndani yake chumba cha kula cha Brooklyn na atelye ya Great Jones Street.

Lakini sehemu kubwa ya tablo ilikuwa imeisha kuuzwa wakati bei ilikuwa bado chini, na toka hapo inapita kwa tajiri kwenda kwa tajiri. Katika Ufaransa, toka 1920, sheria inampa musanii au wariti wake sehemu ndogo ya bei kila mara tablo inauzwa tena. Marekani haina sheria ya namna hiyo. Njo maana tablo inaweza kutoka dola 19.000 na kufika milioni 110, na wenye jina lililoandikwa juu yake wasipate kitu katika munada ule.

Bei kubwa ilileta pia wezi wa jina. Mwezi wa sita 2022, polisi ya FBI iliingia katika myuzeamu ya Orlando, mu Florida, ikachukua kazi 25 zilizotundikwa kama za Basquiat. Moja ilikuwa imechorwa ku kartoni yenye maandishi ya namna ambayo kampuni ya kusafirisha mizigo ilianza kutumia katika 1994, miaka sita kisha musanii kufa.

Nyumba ya 57 Great Jones Street bado iko. Katika 2016 walitundika kibao kinachosema kwamba aliishi na kufanya kazi pale. Kwa miaka mingi, vijana wanaopita wamekuwa wakiandika ku ukuta wake wa mbele kwa rangi ya kupuliza. Wanachora mataji ya ncha tatu, na jina la SAMO. Kulikuwa nyakati ambapo rangi ilipakwa juu, lakini maandishi yalirudi.